Sauti za Usiku katika Kazi ya Kupima Nchi

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila mtu aliyepata kulala porini amelionja, nalo ni hofu ya sauti ambayo mwenyewe wake hajulikani. Nilitumia miaka mingi ya ujana wangu katika kazi ya kupima nchi, kwanza nikiwa mshika mnyororo, kisha mchukua darubini, na mwisho mpimaji. Kazi ile ilinifundisha hesabu na ramani. Lakini ilinifundisha pia kusikiliza. Mkinivumilia kidogo, nitawaeleza kwa nini wapimaji walikesha vilimani, ni sauti gani zilizotutisha, na jinsi sauti yenyewe iwezavyo kupimwa kama shamba lipimwavyo.

Huenda mmoja wenu akauliza: mpima nchi ana shughuli gani usiku? Siku hizi mpimaji huweza kujua mahali aliposimama kwa ishara zitokazo katika setilaiti zinazozunguka dunia. Zamani zetu haikuwa hivyo. Shamba dogo la tambarare tulilipima kwa utepe wa chuma, au kwa mnyororo. Mnyororo wa mpimaji, aliouvumbua Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620, una pingili 100 na urefu wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja kamili. Lakini mnyororo hauwezi kuruka bonde, wala kupita juu ya ziwa. Kwa hiyo nchi kubwa ilipimwa kwa pembetatu. Mpimaji alipima kwa uangalifu mwingi mstari mmoja, uitwao mstari wa msingi. Kisha alisimama katika kila ncha ya mstari ule na theodolaiti, ndiyo darubini ya kupimia pembe, akaielekeza kwenye alama iliyo juu ya kilima cha mbali. Akiisha kujua upande mmoja na pembe mbili, hesabu humpa pande mbili zilizobaki, bila ya mguu wa mtu kuzikanyaga. Upande mpya huwa msingi wa pembetatu nyingine, nayo huzaa nyingine, hata nchi nzima ikafunikwa kama kwa wavu wa mvuvi.

Basi mchana wa jua kali hewa iliyo karibu na ardhi hutetema, na alama ya mbali huonekana ikicheza kama kitu kilicho ndani ya maji. Jicho haliwezi kuishika sawasawa. Ndiyo sababu mistari mirefu ilipimwa usiku, kwa taa zilizowashwa juu ya vilima. Kazi kubwa kuliko zote za namna hii katika Afrika ilikuwa ule mlolongo wa pembetatu uliofuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, tangu Afrika ya Kusini hata Misri. Mjuzi wa nyota David Gill alitoa shauri hilo mwaka 1879. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Sehemu ya Tanganyika ilianzwa mwaka 1931 chini ya uongozi wa Martin Hotine. Na kiungo cha mwisho, kule Sudan, kilikamilika mwaka 1954. Fikirini miaka hiyo yote, na watu waliokaa juu ya vilima vitupu usiku baada ya usiku, wakilinda taa ili mwenzao aliye mbali aione. Mlinzi wa taa akikimbia kwa hofu, taa huzimika au huelekea upande usio wake, na kazi ya wote husimama. Hivyo hofu ya mtu mmoja juu ya kilima kimoja ilikuwa si jambo la mchezo.

Nami nitawasimulia jinsi nilivyojifunza jambo hili. Tulikuwa katika milima ya Usambara, kando ya msitu mkubwa, tumeitwa kurudisha mpaka uliopotea. Vijiji viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, viligombania bonde dogo lenye udongo mzuri na kijito kisichokauka. Jiwe la mpaka lilikuwa limezama porini, wala hapana aliyejua lilipo. Maneno yalikuwa yamekwisha kuwa makali. Vijana wa pande zote mbili walikwenda shambani na mapanga yasiyokuwa ya kulimia. Tulipiga hema juu ya kilima, tukaweka vijana wawili, wenyeji wa pwani, walinde taa kwenye kilele cha pili.

Usiku wa pili mlio ukatoka bondeni. Ulianza polepole, kama mlango wenye kutu unaofunguliwa. Ukarudia, ukazidi nguvu, hata ukawa kama ukelele wa mtu anayekabwa koo. Kisha kimya. Halafu ukaanza tena. Vijana wetu wa taa waliteremka mbio gizani, mmoja akaanguka juu ya mawe akajikata mguu vibaya, na taa ikabaki peke yake hata ikazimika. Usiku ule hatukupima kitu.

Lakini hasara kubwa ilikuja asubuhi. Habari ilikuwa imefika vijijini, na bondeni mle mlikuwa na kaburi la zamani. Watu wa juu wakasema, "Ni mzee wetu analia, kwa kuwa nchi yake yataka kukatwa." Watu wa chini nao wakasema, "Ni mzee wetu." Kila upande ukaifanya sauti ile kuwa shahidi wake. Mwindaji mmoja wa kijiji cha juu akasema wazi, "Huyo ni perere, nimemsikia tangu utoto wangu." Watu wa chini wakamcheka, wakasema hayo ni maneno ya kuwafumba macho, maana yeye ni wa upande ule. Basi tazameni: kweli ilikwisha kusemwa, lakini haikukubaliwa, kwa sababu ilitoka katika kinywa cha mmoja wa wagomvi.

Mnyapara wetu alikuwa mzee mwenye maneno machache. Akawaambia wazee wa pande zote mbili, "Jamani, shahidi huyu hajaonekana. Tumekuja kupima mpaka; na tumpime yeye kwanza." Wazee wakatazamana, wakakubali.

Jioni ile tulipima mita 100 kwenye ukingo wa bonde, tangu mashariki hata magharibi, tukasimamisha kigingi kila upande. Mtu mwenye dira alikaa kwenye kigingi cha magharibi pamoja na mzee wa kijiji cha juu. Mimi nilikaa kwenye kigingi cha mashariki pamoja na mzee wa kijiji cha chini. Mapanga na vitu vyote vya chuma tuliviweka mbali, maana chuma huivuta sindano ya dira ikasema uongo. Tuliagana kwamba mlio ukitoka, kila mmoja ataelekeza dira yake kwenye sauti, atasoma nyuzi kwa fanusi, na kuandika bila kumwambia mwenzake. Tulirudia mara nyingi usiku ule, kwa kuwa sikio si jicho, na mara moja haitoshi. Asubuhi tulilinganisha karatasi zetu. Mwenzangu aliona sauti ikitoka karibu na nyuzi 40, nami karibu na nyuzi 320.

Enyi wanafunzi mnaonisikiliza, chukueni karatasi mfanye kama tulivyofanya sisi. Pigeni mstari wa sentimita 10 kutoka kushoto kwenda kulia; huo ndio zile mita 100. Kaskazini iwe juu ya karatasi. Katika ncha ya kushoto pigeni mstari unaoinuka kwa pembe ya nyuzi 50 na ule wa chini. Katika ncha ya kulia fanyeni vivyo hivyo, mkielekea ndani. Mistari yenu itakutana. Pimeni kutoka kila ncha hata pale inapokutana, mtapata karibu sentimita 7 na milimita 8. Yaani mahali pa sauti palikuwa mita 78 hivi kutoka kila kigingi.

Tukaenda, wazee wakituongoza. Tulikuta mti mkubwa mzee wenye shimo katika shina lake, na chini yake chungu ya mavi yaliyokauka, mengi kama ya miezi mingi. Mwindaji akapanda polepole, akamwonyesha kila mzee kwa zamu yake. Ndani ya shimo alikuwamo mnyama mdogo kama sungura, mwenye manyoya ya kahawia na asiye na mkia wa kuonekana, akitutazama kwa hasira. Alikuwa perere kweli.

Mnyama huyu ni wa ajabu. Uzito wake ni kilo chache tu, naye hukaa mitini, akashuka na kupanda kwa nyayo laini zinazonata kwenye gome. Ukimtazama utadhani ni ndugu yake panya. Lakini wataalamu waliochunguza mifupa, meno na damu yake wameona kwamba jamaa zake wa karibu katika wanyama walio hai ni tembo na nguva. Hupatikana katika misitu ya milima kama Usambara, Uluguru na Kilimanjaro, na katika visiwa vya Unguja na Pemba. Na kwa nini hulia? Hulia hasa dume, ili wenzake wajue yuko wapi na wasiingie mahali pake. Yaani, wasikilizaji, tulipokuwa sisi tunatafuta mpaka wa wanadamu, yeye alikuwa anatangaza mpaka wake mwenyewe.

Mzee wa kijiji cha chini alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Basi na jiwe letu lipimwe hivi hivi, kila upande ukiwa na mtu wake kwenye chombo." Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya nne tulichimba mahali hesabu ilipotuonyesha, tukalikuta jiwe la zamani chini ya mizizi, pahali ambapo hapana upande hata mmoja uliopataja. Kila kijiji kilipungukiwa kidogo na kile kilichodai, na kila kijiji kilikubali.

Tangu hapo nilianza kuzikusanya sauti za porini kama mtu akusanyavyo majina ya watu. Nitawapa baadhi yake.

Komba hulia usiku kama mtoto mchanga aliyeachwa. Watu wengi wametoka kitandani kumtafuta mtoto huyo, na hawakukuta ila macho mawili makubwa yang'aayo juu ya mwembe.

Fisi ana sauti nyingi. Ule mwito wake mrefu, unaoanzia chini na kupanda juu kwa ghafla, huwaita jamaa zake, nao wasikika hata kilometa 5. Kicheko chake si cha furaha wala cha uchawi. Mara nyingi ni sauti ya fisi anayesumbuliwa na wenzake penye mzoga. Wapimaji walimwogopa fisi kwa sababu nyingine pia: hupenda ngozi, na mkanda wa darubini au kiatu kilichosahauliwa nje huwa chakula chake.

Mumbi ni ndege mkubwa mweusi atembeaye chini, mwenye ngozi nyekundu usoni na kooni. Kabla ya mapambazuko dume na jike huitikiana kwa sauti nzito kama ya ngoma ya mbali. Mgeni aisikiaye husema, "Simba!" na kurudi hemani. Sauti ya simba mwenyewe ni kubwa zaidi, nayo usiku mtulivu huweza kufika kilometa 8.

Iko na sauti isiyokuwa ya mnyama wala ya mtu. Katika nyanda za udongo mweusi, kama zile za Athi karibu na Nairobi na zile za Serengeti, huota migunga midogo yenye miiba mirefu, na penye miiba hiyo pana vinundu vyeusi vilivyo wazi ndani. Sisimizi hutoboa matundu katika vinundu hivyo wakakaa humo, na kwa malipo ya nyumba huulinda mti kwa kuwauma wanyama wanaokula majani yake. Upepo ukivuma juu ya matundu, kila kinundu hupiga mluzi, kama chupa tupu ipulizwapo mdomoni. Tulipokata njia mahali pale kwa mara ya kwanza, wachukuzi wetu waliweka mizigo chini, wakasema jeshi linatuzunguka na kupigiana mluzi. Walicheka sana walipovunja kinundu kimoja, ingawa sisimizi waliwalipa kwa kicheko hicho.

Na iko sauti ambayo mwanadamu haisikii kabisa. Mwaka 1984 mtaalamu Katy Payne alikuwa karibu na tembo mjini Portland, Marekani, akahisi mtikisiko hewani bila ya kusikia neno. Uchunguzi ulionyesha kwamba tembo huzungumza kwa sauti za chini mno, zenye mitetemo isiyofika 20 kwa nukta moja, ambazo sikio letu halizipokei, nao huitana kwazo kwa masafa ya kilometa kadhaa. Tembo walituharibia kazi mara nyingi, maana hupenda kujisugua kwenye kitu chochote kilichosimama, hata alama ya mpimaji. Nasi tulishangaa jinsi kundi lililotawanyika lilivyogeuka pamoja bila ya mlio. Kumbe walikuwa wakiambiana.

Sasa nieleze kwa nini sauti ya usiku hutisha kuliko ya mchana. Si giza peke yake. Sauti hwenda upesi zaidi katika hewa ya moto kuliko katika hewa baridi. Mchana ardhi huipasha moto hewa iliyo karibu nayo. Basi sehemu ya chini ya sauti hutangulia ile ya juu, nayo sauti hupinda kwenda juu, ikatupita vichwani. Usiku, upepo ukiwa umetulia na mbingu haina mawingu, ardhi hupoa, na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Sasa sehemu ya juu ndiyo itanguliayo, na sauti hupinda kurudi chini, ikafika masikioni mwetu kutoka mbali sana. Hivyo fisi aliye ng'ambo ya bonde husikika kama yu mlangoni. Hewa ile ile iliyolidanganya jicho letu mchana, hulidanganya sikio usiku.

Lakini msinielewe vibaya, mkadhani nasema hapana hatari porini. Hatari iko, ila mara nyingi haipigi kelele. Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simba angurumaye huwapa wenzake habari, awindaye hunyamaza. Kiboko atokaye mtoni usiku kula majani hupita njia yake ya kila siku, na mtu aliyepiga hema juu ya njia hiyo ndiye mwenye kosa. Nyati aliyelala kichakani hasemi lolote mpaka umfikie. Na aliyeangusha shoka lake kwenye mti bila ya kusikiliza mvumo wa nyuki, huenda akajuta kabla ya kulinyanyua tena.

Kwa hiyo mnyapara wetu alitupa kanuni, nami nawaachieni kama nilivyozipokea.

Kwanza, usikie sauti mara tatu kabla ya kuipa jina. Jina lililotolewa kwa haraka huzaa hofu ya haraka.

Pili, usikimbie gizani. Kijana wetu hakuumizwa na perere. Aliumizwa na mawe.

Tatu, uliza mwenyeji, hasa mwindaji na mchunga, maana wao wamesoma kitabu kile tangu utoto. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nne, kaa pamoja na wenzako, moto uwake, na hema lisiwe penye njia ya wanyama wala ukingoni mwa maji.

Tano, penye ugomvi, usitosheke na shahidi mmoja wala mahali pamoja pa kusimama. Mpimaji hawezi kujua umbali wa kilima akisimama pamoja tu. Lazima aende na mahali pa pili, akitazame tena. Ndivyo ilivyo sauti, na ndivyo yalivyo maneno ya watu.

Wasikilizaji wapenzi, vigingi tulivyopigilia zamani vimekwisha kuliwa na mchwa, na mnyororo wangu una kutu. Lakini kila nikisikia watu wawili wakigombana, kila mmoja akimtaja shahidi asiyeonekana, hukumbuka mti ule wa Usambara, na wazee wawili wa vijiji viwili wakipokezana zamu ya kuchungulia katika shimo moja. Hawakuupata ukweli kwa kupigiana kelele. Waliupata kwa kukaa kimya usiku mzima, huyu huku na huyu kule, wakisikiliza kitu kimoja.